Wati Mia na Sitini

Kitengela,
2 Septemba 2007

Kwa shemeji Wasike,

Salamu nyingi kwako, kwa Elizabeth na kwa watoto. Mimi niko. Nakula, nalala, naenda kazini Athi River na kurudi. Usisumbuke kupiga simu, nimeizima, kwa sababu kila anayepiga anaanza na pole.

Niko na shida ya kompyuta na wewe ndiye fundi. Dada yako Maryanne kabla ya kulazwa alikuwa akiichora upya nyumba ya ploti yetu. Ramani ya zamani iko kwa karatasi, lakini Maryanne aliniambia ameibadilisha na nisiulize mpaka amalize. Sasa nikifungua huo mchoro, skrini inaandika kwamba kadi ya picha ni dhaifu, kisha inakuwa nyeusi. Gakuru mwashi anataka kuchimba msingi kabla ya mvua ya Novemba. Asipopata mchoro mpya atajenga ule wa zamani. Mimi nataka ajenge wa Maryanne.

Ni ile kompyuta yake ndogo, ile nyembamba inayolala chini ya skrini. Ninunue kadi gani?

Ni mimi shemeji yako,
Ondiek

Kajiado,
6 Septemba 2007

Shemeji yangu Ondiek,

Hatujambo hapa, isipokuwa vumbi. Nimefurahi kuona mwandiko wako, ingawa unaandika kama daktari. Elizabeth anauliza kama unakunywa chai ya maziwa au bado ni ile ya rangi uliyokuwa ukinywa wakati wa matanga.

Njia rahisi ni unitumie diski ya hiyo kompyuta. Hapa dukani niko na mashine kubwa, nitaufungua mchoro kwa siku moja. Kama hutaki, basi nisomee idadi ya wati iliyoandikwa kwenye kisanduku cha umeme. Kompyuta ndogo ni kama stovu ya mafuta ya taa, huwezi kuibandikia sufuria ya harusi. Kadi ikitaka umeme mwingi kuliko ule uliopo, mashine itazima.

Ukitaka nije Jumapili, sema tu.

Shemeji yako,
Wasike

Kitengela,
9 Septemba 2007

Shemeji Wasike,

Natumaini mmeamka salama. Mimi sijaumwa.

Diski haiwezi kutoka. Siku ya kunyoa nywele baada ya mazishi, wazee wenu na wazee wetu walikubaliana kwamba kitu chake chochote kisivuke mlango mpaka siku ya kugawa vitu, Desemba. Nilikubali mbele yao. Hata kandambili zake ziko pale alipoziacha. Kwa hiyo kadi ndiyo itakayokuja hapa.

Wati ni 500, nimesoma mwenyewe.

Usije kwanza. Mna uso mmoja, wewe na yeye.

Shemeji yako,
Ondiek

Kajiado,
13 Septemba 2007

Shemeji,

Salamu za upendo. Nimekuelewa kuhusu wazee, na kuhusu kuja pia.

Wati 500! Hiyo kompyuta ilinyonya kwa nani? Kwa umeme huo hatuna haja ya kubana. Nimempa Waweru, yule dereva wa lori la vitunguu anayetoka Namanga, kadi nzuri kabisa. Chomoa umeme kwanza, gusa chuma kabla ya kuishika, kisha uisukume taratibu mpaka isikike imekaa.

Niandikie ikishawaka.

Wasike, shemeji yako

Kajiado,
29 Septemba 2007

Ndugu Ondiek,

Uko mzima? Waweru anaapa kwamba alikupa bahasha na kadi mkononi, na kwamba ulimshukuru. Tangu hapo ni kimya. Kama kadi imekataa, sema. Kama ni mimi nimekosea, sema pia. Elizabeth ananiuliza kila jioni.

Ni mimi,
shemeji yako Wasike

Kitengela,
3 Oktoba 2007

Shemeji Wasike,

Nisamehe kwa kuwaweka roho juu. Niko mzima. Msalimie sana Elizabeth.

Kadi ilikuwa ndefu kuliko kompyuta. Nililifungua bati lake, lile la kuifungia pembeni, nikaichomeka kadi hivyo hivyo na kuacha kifuniko wazi. Feni ilivuma kidogo, kukanuka plastiki, kompyuta ikazima. Nikaifunika kwa leso na sikuigusa kwa siku kumi na nne. Ungedhani nililia. Sikulia. Nilikuwa nikipita hapo nikienda kupika, nawaza tu kwamba kama mchoro umeungua, umeungua. Sijui hii ni roho gani niliyo nayo siku hizi, inanitisha.

Jana niliitoa kadi na kompyuta ikawaka. Mchoro upo, lakini bado haufunguki.

Kosa ni langu. Wati 500 nilizisoma kwenye ile boksi ya betri iliyo chini ya meza, ile inayoshikilia kompyuta stima zikipotea. Hata sikufungua kifuniko. Kisanduku cha ndani kimeandikwa 160.

Gakuru amenipa mpaka tarehe ishirini. Baada ya hapo anachimba ile ramani ya zamani.

Ondiek,
shemeji yako

Kajiado,
8 Oktoba 2007

Shemeji Ondiek,

Tunamshukuru Mungu uko salama. Kosa si lako peke yako, mimi fundi ningejua kwamba kompyuta ya aina hiyo haiwezi kuwa na 500. Sikutaka kukuuliza mara mbili.

Kwa 160, kadi isizidi wati thelathini, iwe fupi, na isiwe na feni. Nimeipata Nairobi. Bati lake lilikuwa refu, nimelikata kwa msumeno na kulipiga tupa lisikukate. Itaingia na kifuniko kitafunga.

Kuna jambo lazima nikwambie. Mwezi wa pili Maryanne aliniomba kadi kama hii hii. Alisema mchoro umekuwa mzito na skrini inamzimia. Nilikuwa nayo kabatini. Nikamwambia asubiri, kisha akaja mteja wa Namanga mwenye haraka, nikamuuzia yeye. Dada yangu alinipigia tena mara mbili na sikushika, kwa sababu kadi nilikuwa nimeshaiuza. Mwezi wa nne akalazwa. Naona aibu, Ondiek. Uliponiambia nisije, nilishusha pumzi.

Shemeji yako, kama bado utaniita hivyo,
Wasike

Kitengela,
21 Oktoba 2007

Shemeji Wasike,

Pokea salamu zangu, wewe na nyumba yako yote. Mimi niko.

Kadi imekubali. Mchoro ulifunguka Ijumaa jioni na nimeizunguka nyumba yote, chumba kwa chumba. Kwa hiyo, kwa kukosa kadi, yeye mwenyewe hakuwahi kuiona nzima hivi. Kuhusu hilo la mwezi wa pili, nilijaribu kukukasirikia na hasira haikuja. Labda itakuja. Ikija nitakwambia usoni, kwa hivyo njoo Jumapili.

Vyumba ni vile vile vya ramani ya zamani. Alichobadilisha ni hiki: ngazi za mbele ameziondoa, ameweka mteremko. Milango yote ina upana wa mita moja, hata wa choo, na ukutani kando ya choo kuna chuma cha kushika. Pembeni ameandika tarehe, 11 Februari. Wakati huo mimi aliniambia ni mgongo tu, umeshika kwa sababu ya kukaa. Kumbe alijua miguu itamwishia. Lakini ona, Wasike, alikuwa amepanga kuishi humo.

Nilinakili vipimo kwa mkono nikampelekea Gakuru jana. Akaviangalia, akaniuliza nyumbani kuna nani wa kiti cha magurudumu. Nikamwambia hakuna. Akasema basi turudishe milango ya kawaida, hii mipana itakula mbao bure. Nikamwambia ajenge ilivyochorwa.

Ameanza kuchimba leo.

Shemeji yako,
Ondiek