Maji Aliyobakiza Dada Yako

Kibati, Goma

Shemeji yangu Mwamini,

Natumaini hapo Kasongo mko wazima na miguu ya mama imepungua kuvimba. Mimi nakula, nalala, naamka.

Uliniuliza kwenye simu: "Shemeji, ni kweli ulimuosha weye mwenyewe? Ndoa haikukuwa imeisha na kifo?" Nakujibu polepole, maana najua mama anasubiri jibu hili.

Ijumaa ile dada yako Salima alioga alfajiri, akasali, kisha akaanguka mlangoni. Jua lilipotoka alikuwa ameshafariki. Wanawake wanaoosha maiti wanakaa Katindo, na askari walikuwa wamefunga barabara. Huku kwetu hakuna Mwislamu mwingine wa kike. Katika madhehebu yetu ya Shafii mume anaruhusiwa kumwosha mkewe. Kifo hakimfanyi kuwa mgeni kwake.

Nyumbani kulikuwa na bidoni moja ya maji, nusu. Nusu nyingine alikuwa ameogea yeye. Muzee Ramazani, jirani ninayesali naye, akakataa.

"Mwalimu, hii mayi bibi yako alishaiogea. Mwanaume hawezi kuitumia. Uimwange."

"Miaka yote tunaogea bidoni moja, muzee. Yeye mbele, mimi nyuma. Hata Mtume alioga na mkewe katika chombo kimoja. Mkono safi hauchafui maji."

"Basi, weye ndiye ulisoma," akasema, akaenda kutafuta sanda.

Nikafunga mlango, nikamfunika kitenge, nikaanza. Sikulia. Nilikuwa nahesabu vikombe.

Sasa nikuambie jambo moja. Nimefundisha fikihi hapa Goma miaka arobaini, na somo la josho ni lile lile: anzia kulia. Mimi nilimwanzia kushoto. Niligundua nikiwa nimefika gotini. Maji yaliyobaki yalitosha kuupitia mwili wote mara moja tu, nikaanza upya, kulia. Mara moja ndiyo faradhi. Kuanza kulia na kurudia mara tatu ni sunna. Kwa hiyo josho limesihi. Nimelipitia hili kichwani mara nyingi, na kila mara linasihi.

Mwambie mama kwamba mwanawe ameoshwa, na ni kweli. Hilo la kushoto usimwambie.

Nisalimie kaka yenu mshona nguo, na shangazi aliyemleta Salima kwangu siku ya arusi.

Ni mimi shemeji yako,
Mwalimu Idi