Dawa Iliyoninyima Wapinzani

Jumanne, 4 Machi

"Dawa ni ya mgonjwa, na mgonjwa ni yule anayeumwa sasa." Hivyo ndivyo Mwalimu Odera alivyonihubiria leo kwenye meza yetu ya chai, mbele ya watu. Upuuzi. Kwa hoja hiyo tungefunga chandarua baada ya mbu kushiba. Tungeezeka paa mvua ikinyesha. Nilimwambia hivyo. Akacheka, akaagiza mandazi. Odera akikosa jibu hula.

Nimemeza kidonge cha jioni. Asubuhi, mchana, jioni, niwe naumwa nisiwe naumwa. Daktari alieleza vizuri. Kichwa changu huja kwa vipindi, majuma kadhaa, kisha hupotea hata mwaka. Hunijia nikiwa usingizini, muda mfupi baada ya kulala. Upande mmoja tu. Kidole gumba cha moto kinasukuma jicho la kulia kutoka ndani. Jicho linatoa machozi, pua inaziba. Siwezi kulala wala kukaa, natembea tu. Na kichwa kikishafika, kidonge cha kumeza kimechelewa. Kwa hiyo kichwa tunakizuia mlangoni.

Naogopa kulala. Basi, nimeandika.

Jumatatu, 10 Machi

Hospitalini wamenifunga nyaya kifuani, wakapima moyo, maana dawa hii huupunguzia kasi, wakaridhika. Dozi imeongezwa. Miguu imevimba kidogo. Tumbo limefunga. Mambo yote yanakwenda polepole, kana kwamba ziwa limepanda likaifunika Kisumu na watu bado hawajagundua. Bodaboda zinaelea. Mtu anasema neno, neno linafika baadaye. Si vibaya.

Jumatano, 12 Machi

Nimelala hadi asubuhi.

Na nimeota. Kwa majuma sikuwa nimeota. Maumivu yalinitoa kitandani kabla ndoto haijaanza. Magugu maji yalikuwa yamefunika ziwa lote, yameshikana kama mkeka, na marehemu baba anatandaza dagaa wa omena juu yake, kutoka Dunga hadi Usenge, akitembea bila viatu. Nikamwambia zitaoza, chini kuna maji. Akaniambia sijui lolote, nimesoma sana. Tukabishana. Omena ziling'aa pande zote kama sarafu, hakukuwa na upepo, na kila nilichosema alikipinga. Niliamka na furaha ambayo siwezi kuitetea kwa hoja.

Akinyi amerudisha mto wake kitandani. Mke wangu huyu amekuwa akilala chumba cha binti yetu tangu kipindi kilipoanza.  Nimesogea ukutani.

Jumamosi, 15 Machi

Kosa. Nilitoa leso mfukoni, pakiti ya vidonge ikaangukia mezani. Harbans, rafiki yetu wa duka la vipuri, aliiokota, akaisoma kwa mkono ulionyooshwa kwa kuwa hataki miwani.

"Hii ni yangu kabisa. Mzee, kumbe na wewe una presha?"

Nilieleza. Dawa moja, kazi mbili. Yeye humeza kwa ajili ya presha, mimi kwa ajili ya kichwa. Nilitoa mifano. Wote wawili waliitikia kwa upole, kama watu wanaomsikiliza mlevi akiapa kwamba hajalewa.

"Ni hasira, omera, ndugu yangu," Odera akasema. "Hizo makala zako za gazetini unazopigia watu kila wiki. Tulikuambia."

Sijawahi kuogopa kuchukiwa. Nimeishi kwa hilo. Naogopa kuhurumiwa. Mtu akihurumiwa huwekwa kando kama kikombe chenye ufa. Hakitupwi, lakini chai hakimiminiwi tena.

Jumanne, 18 Machi

Ndoto tena. Baraza la vyura, mimi mbele yao na hotuba ndefu kuhusu bei ya vitabu. Wakapiga kura. Nikaanguka vibaya. Usingizi mtamu.

Jumamosi, 22 Machi

Hakuna aliyenipinga leo.

Nilisema waandishi wetu wa siku hizi ni wavivu. "Kweli." Nilisema matanga ya kifahari yapigwe marufuku. "Kweli kabisa, Mzee." Odera ana hema la kukodisha kwa matanga! Nikaona nitege mtego. Nikasema samaki wa kugandishwa kutoka China ni mtamu kuliko ngege wa ziwa hili.

 Mhudumu alisimama na birika. Odera, ambaye angeweza kwenda mahakamani kwa ajili ya ngege, alikoroga chai yake.

"Hilo nalo lina ukweli wake."

Harbans, ambaye hajala samaki maishani, akaunga mkono.

Niliondoka, nikatembea hadi ufukweni. Ziwa lilikuwa jeupe, halina mstari kati yake na mbingu. Marabu, wale korongo wakubwa, walisimama kwenye matope kama mawakili waliokosa kesi. Nilijiona kama maiti inayosikiliza ikisifiwa.

Jumapili, 23 Machi

Akinyi amenifungukia. Wiki iliyopita familia ilikaa Katito, nyumbani kwetu. Ouma, mdogo wangu, akaitisha kikao. Mama alikuwepo. Wameamua kuuza kile kipande cha ardhi cha barabarani, penye duka la marehemu baba. Mimi ndiye mtoto wa kwanza. Sikuitwa.

"Ouma aliomba usiambiwe kwanza, Baba Atieno. Kwa sababu ya presha. Alisikia kwa Odera."

Sina presha. Nilimwambia hivyo kwa sauti ambayo mwenye presha angeitumia.

Hasira, ndiyo. Lakini chini ya hasira kuna baridi. Wakinizoea bila sauti, nitabaki bila sauti.

Jumatano, 26 Machi

Nimefikiri. Nikiacha vidonge, hawana kisingizio. Nitasimama Katito kama mtu asiyemeza dawa yoyote, na watalazimika kunijibu.

Hoja mbovu. Ingekuwa ya Odera ningeichana vipande. Lakini ni yangu, naipenda.

Ijumaa, 28 Machi

Sijameza tangu jana. Pakiti iko juu ya kabati. Akinyi hajui. Nasafiri kesho.

Jumapili, 30 Machi. Katito

Kilikuja.

Nilikuwa nimelala kwa Mama. Katika ndoto mtu alikuwa akigonga msumari kwenye jicho langu ili aning'inize koti lake, kwa adabu, akiomba radhi. Kisha haikuwa ndoto. Nilitoka nje kwenye manyunyu. Nikalizunguka duka la baba, nikazunguka tena, nikibamiza paji la uso kwenye ukuta kila nilipofika pembe. Ukuta ulikuwa baridi. Niliushukuru.

Ouma alitoka na tochi. Alidhani ni mwizi, halafu wazimu, halafu kifo. Akanishika, nikamsukuma. Mama alimwambia kutoka mlangoni aniache nitembee. Basi akatembea kando yangu bila kunigusa, tochi ikimulika matope mbele ya miguu yangu, mpaka maumivu yakaondoka kama yalivyokuja, ghafla. Dunia ikabaki imeoshwa. Nilisikia kila tone likidondoka kwenye migomba.

Tuliketi barazani. Nikamweleza kazi ya kidonge kile, kama nilivyowaeleza wale wa meza ya chai. Huyu alielewa.

"Na dawa iko wapi?"

Juu ya kabati, Kisumu.

"Kwa nini?"

Nikamwambia kwa nini.

Hapo alilipuka. Aliniita mjinga, tena mjinga wa vitabu, aina iliyo mbaya zaidi. Akasema nina wazimu wa kutaka kubishana hata na moyo wangu. Kwa kuwa alikuwa amekwisha kupaza sauti, tukaingia kwenye suala la duka. Nikasema ni jasho la baba. Akasema jasho la baba lina popo na paa lililooza, na mimi huliona Krismasi. Nikasema ardhi haiuzwi gizani. Akakubali, kosa ni lake, lakini nani anayemsikia Mama akikohoa vumbi la malori usiku kucha? Fedha za kipande kile zitamjengea nyumba ndani, mbali na barabara, yenye maji.  Mama akasema yeye ndiye aliyetaka, na kwamba baba hakulipenda duka lile hata siku moja.

Nimeshindwa. Kwa hoja, mbele ya mama yangu, na bila huruma hata chembe. Kichwa chepesi. Kuku wanapita miguuni kama mawazo ya mtu mwingine.

Jumatano, 2 Aprili

Kisumu. Daktari hakufurahi. Nisiache tena kwa amri yangu mwenyewe, nisizidishe ili kufidia. Tumeanza upya, moyo utapimwa tena. Akinyi alikuwa ameiona pakiti juu ya kabati. Ameihamishia mezani, kando ya chumvi, anaitazama mpaka nimeze.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimelala usiku wote. Niliota kitu cha maji, sikikumbuki, ila kilikuwa kipana. Akinyi bado amelala. Kipindi kitapita, dozi itapunguzwa taratibu, na kikirudi nitameza tena kabla hakijafika. Sioni aibu.

Siandiki makala leo.

Odera, nawe Harbans. Haya hamtayasoma hapa, kwa hiyo nitayasema mezani kwa mdomo wangu. Sihitaji pole. Sihitaji "kweli kabisa." Moyo wangu unapimwa na wanaoujua, nanyi hamkuajiriwa kuulinda. Vuteni viti karibu, mnisikilize hadi mwisho, kisha mnipinge.