Inyamanza Bila Kivuli

Kamembe, 2 Septemba 1986

Ndugu yangu Ntabaza,

Salamu kwanza, kwa kuwa Mama alitulea hivyo, ingawa leo zinanikwama kooni. Hujambo? Kifua kimepona vumbi la mbuga ya Akagera? Sisi wazima. Mpwa wako Cubaka ameota meno na anang'ata kila anayembeba.

Sasa nisikilize. Jana nilikwenda kituo cha mabasi kumpokea mteja wangu wa Nkungu, nikaona karatasi kubwa imebandikwa ukutani: maonyesho ya picha za ndege, Kigali, mwezi wa kumi. Na katikati yake ni inyamanza wangu, kile kindege cheusi na cheupe kisichoacha kutikisa mkia. Amesimama ukingoni mwa sinia langu la kuanikia sambaza, wale dagaa wa ziwani, nyuma ya nyumba yangu. Sinia lenyewe nalijua, limebonyea tangu siku shemeji yako Bahizire alipolikalia. Chini imeandikwa: Picha ya Ntabaza, dereva.

Ya Ntabaza! Picha hiyo niliipiga mimi, nikakutumia ufurahi nayo, ukumbuke nyumbani. Nilisimama pale kituoni na beseni kichwani, mwili unatetemeka kwa hasira, watu wakadhani nina malaria.

Nijibu upesi, mimi ni yaya yako, dada yako mkubwa. Na usijaze karatasi kwa salamu za shemeji. Jibu nililokuuliza.

Yaya yako,
Nzigire

Kigali, 14 Septemba 1986

Yaya mpendwa,

Shikamoo. Habari za nyumbani, shemeji hajambo, mtoto je? Mimi nashukuru Mungu. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa msituni Nyungwe na watalii, mvua juu, matope chini.

Yaya, usikasirike kabla hujanisikia. Bwana mkubwa wetu aliikuta ile picha ndani ya gari. Akauliza, "Hii ni yako?" Nikaitikia. Basi, neno limeshatoka, nilirudisheje? Akampelekea Madame Antoinette anayesimamia maonyesho, naye akaipenda kuliko zote. Sasa bwana mkubwa anasema maonyesho yakienda vizuri nitaachishwa usukani, niwe mwongozaji wa watalii. Unajua nimeusubiri wakati huu tangu lini.

Na kwani kamera uliitoa wapi? Si mimi niliyekuachia? Sisi damu moja, jina langu ni jina lako.

Nina ombi moja. Wanataka kuikuza picha iwe kubwa kama mlango, na kwa hiyo wanahitaji filmu yenyewe. Mpe Dominique, dereva wa basi, aniletee.

Mdogo wako,
Ntabaza

Kamembe, 25 Septemba 1986

Ntabaza,

Hujambo. Sisi hatujambo. Salamu zimeisha.

Kamera uliniachia, ndiyo, mfuniko umevunjika, nikaufunga kwa mpira wa baiskeli. Wewe ulikuwa umeichoka, kwa sababu kila ulipokwenda safari ulirudi na picha za matawi. Tai wa Akagera: mkia. Korongo wa ziwani: maji matupu. Unapiga wakati ndege ameshakwenda zake, halafu unailaumu kamera!

Mimi sijasafiri kokote. Ndege wangu ni wa uani, wanaofuata nzi kwenye sambaza zikianikwa. Siku ile Cubaka alikuwa na homa, nimembeba mgongoni, nimesimama juani nisipepese hata kope. Mama mkwe akapiga kelele mlangoni: "Maman Cubaka! Batoto banalia njaa, wewe unafuata ndege? Ni muntu wa namna gani wewe?" Sikugeuka. Mtoto alikohoa, inyamanza akainua kichwa, nikapiga.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo lililoniumiza zaidi. Katika picha yangu, mbele ya sinia, kuna kivuli changu chini: kichwa, kilemba, na kichwa kidogo cha Cubaka kikichungulia begani. Kwenye ile karatasi ya kituoni hakipo. Umechukua mkasi ukanikata, mimi na mwanangu. Mtu akikosea huomba radhi. Wewe hukukosea, ulipima kwanza ndipo ukakata.

Filmu hupati. Nenda kwa huyo Madame, mwambie jina langu kabla ya maonyesho. Jina langu ni Nzigire. Si refu.

Yaya yako

Kigali, 9 Oktoba 1986

Yaya,

Shikamoo. Natumaini mtoto hajambo.

Kila basi la huko kwenu Cyangugu likifika niko stendi, na Dominique ananionyesha mikono mitupu. Yaya, unataka nini? Kivuli nilikikata kwa sababu ni kasoro, hata wazungu wanasema anayejifunza ndiye anayeacha kivuli chake kwenye picha. Nilikusaidia. Na wewe ni mama wa nyumbani, muuza samaki, jina hilo Kigali litakuletea nini? Mimi litanipa kazi. Nikipata kazi nitamnunulia Cubaka viatu, nawe kitenge kizuri.

Usiniharibie maisha kwa ajili ya ndege mmoja.

Mdogo wako,
Ntabaza

Kigali, 20 Oktoba 1986

Yaya,

Sijui nikusalimu vipi. Hamjambo?

Kumbe Dominique alikuwa amebeba mzigo wako muda wote, ila hakuulekeza kwangu. Alimpa Madame Antoinette mwenyewe. Kumbe ulivuka mpaka hadi Bukavu, fundi wa picha Mirindi akakusafishia picha kubwa, nzima, na kivuli chake. Hukuandika neno hata moja kwenye picha, wala jina lako.

Jumamosi niliingia na suti ya kuazima, nikaikuta ukutani. Watu wamejaa mbele yake. Bwana mkubwa akaitazama, akanitazama, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Ntabaza, tangu lini wewe unabeba mtoto mgongoni?" Watu wakacheka hadi machozi. Madame hakucheka. Akauliza kivuli ni cha nani.

Nikasema ni cha yaya yangu, anaitwa Nzigire, anakaa Kamembe, picha ni yake. Wameshaandika jina lako chini yake. Mimi nimebaki na usukani wangu, na kila dereva hapa ananiita Maman Cubaka.

Umepata ulichokitaka. Umefurahi sasa?

Ntabaza

Kamembe, 2 Novemba 1986

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi wazima. Cubaka anatembea. Anamfukuza inyamanza uani, hampati.

Umeniuliza kama nimefurahi. Sijafurahi. Nilikaa na picha ile kubwa siku nzima nyumbani kabla sijampa Dominique, nikingoja barua yako ya kusema umemtajia Madame jina langu. Ingefika, nisingeituma. Ningekupa filmu ukaikuze upendavyo, hata bila kivuli.

Kitenge baki nacho. Viatu Cubaka amenunuliwa na baba yake. Nilitaka ulitaje jina langu kabla hujaulizwa.

Yaya yako,
Nzigire