Kodi ya Mwanamke wa Peke Yake

Kamina, Jumanne tarehe 10 Juni 1952

Shemeji, mulamu wangu Kapenda,

Pokea salamu huko Luena, wewe, mke wako Agar na watoto. Je, kifua cha Agar kimepona? Mimi ni mzima, mvua zimekwisha na mihogo imekauka vizuri.

Jana Gamaliel, karani wa kodi, alitangaza mbele ya watu kwamba nimewekwa kati ya wanawake wa peke yao. Nisipolipa mwezi huu, nitafukuzwa katika mtaa wetu huu wa cité.

Kodi hiyo unaijua. Mjane mwenye sifa njema husamehewa, nami nilisamehewa tangu kaka yako Philémon alipofariki. Pesa za kulipa ninazo, kwa kuwa mashine ya kushona inanilisha. Lakini anayelipa amekubali kwamba anauza mwili. Phébé alilipa mwaka jana, akaondolewa katika kwaya. Vijana wa stesheni wanamwita “Madame Bula Matari”, yaani Serikali ndiyo bwana yake.

Nilimwambia Gamaliel kwamba mume wangu yuko makaburini, naye anajua, alikula kwenye matanga. Akajibu, “Mama Salomé, Bula Matari hailie matanga. Inauliza tu: bwana yako iko wapi?”

Tangu polisi alipokuja kuuliza habari zangu nilimshuku jirani yangu Kabedi, kwa sababu yeye huona kila anayeingia kwangu. Niliacha kumwomba moto. Aliponiletea samaki waliotoka Mulongo, niliwapa paka, naye akaona. Alisema, “Kama miye nataka kukuua, siwezi kupoteza samaki muzuri hivi.” Hata maneno hayo niliyashuku.

Jana nilimdai Gamaliel anitajie aliyenisema. Jina hakutoa, ila aliapa kwamba mtu wake si mwongo: alimweleza kuwa mwanaume alilala kwangu baada ya Pasaka, tena anajua mpaka kitanda changu, kwamba mguu mmoja umekaa juu ya tofali. Watu walicheka sana.

Mguu ule ulivunjika baada ya matanga. Kabedi hajauona; mwanamke wa kwetu haingii chumba alicholala mume wa mwenzake, anaishia mlangoni. Baada ya Pasaka mtu mmoja tu alilala pale. Ni wewe, Kapenda, ulipokuja kunirithi. Nilikuachia kitanda, nikaenda kulala kwa Kabedi. Asubuhi nilipokataa, ulisema, “Utaniita weye mwenyewe.” Nilidhani ni hasira. Kumbe ulipita ofisini kabla ya kupanda treni, ili kodi inisukume mlangoni kwako.

Jana jioni nilikwenda kuomba moto kwa Kabedi. Alinichagulia kaa kubwa la moto.

Sitalipa. Nimepeleka shauri langu kwenye baraza la cité. Kabedi atasema mimi nililala wapi usiku ule. Wewe utasema nani alilala kwangu. Ukidai mimi ni mke wako, kumbuka sheria ya sasa haikubali mke wa pili mpya, na Agar atakuwa anasikiliza, maana nimemwomba aje.

Wabusu watoto. Baraza litaketi Jumatatu tarehe 16, saa mbili asubuhi. Panda treni ya Jumapili. Ulisema nitakuita: nakuita.

Mimi, mjane wa kaka yako,
Salomé