Bibi Yako Aliwashuku Wote

Mjukuu wangu Yona, mume mdogo wa marehemu bibi yako,

Marahaba, najua ungeniamkia. Hapa Kizota tu wazima. Tangu mitumba iruhusiwe, mama yako anauza nguo sokoni, nami natamba na suruali ya Mzungu mnene.

Unauliza kwa nini narudia ile riwaya kuukuu ya Kiingereza ya mauaji, wakati muuaji namjua. Tulipooana, kule Kongwa, nilikuwa namsomea bibi yako kwa Kiswahili. Kiingereza kikinishinda, natunga. Tukafika mahali tajiri kauawa asubuhi, na alasiri ndugu zake wako bustanini wanakunywa chai na keki.

"Ngoja, wewe! Nani anapika hapo msibani? Nani kaja kulala na wafiwa?"

"Hakuna."

"Basi wameua wote. Funga kitabu."

Nilipomaliza na muuaji akawa mmoja tu, alisema mwandishi kahongwa.

Juzi nimefika tena kwenye ile chai. Nikasoma kwa sauti, kisha nikasita, nikimngoja agombe. Mama yako akachungulia mlangoni: "Baba, unaongea na nani?"

Ukija likizo nitakusomea. Usikae kimya kama uko darasani. Nikatize.

Babu yako