Cherehani Imenyamaza, Mghoi

Mwanangu Mghoi,

U mzima? Siulizi kwa desturi ya barua. Nauliza kwa sababu leo ni siku ya sita cherehani yangu haijakanyagwa, na mimi ndiye niliyeiacha. Anwani yako sina. Ni miaka miwili tangu uondoke, ndiyo maana nakuandikia wazi gazetini, anayekujua akusomee. Watu wa Voi watanicheka. Na wacheke.

Hapa kila mtu anaijua hadithi ya biashara yangu, maana nimeisimulia hata kwa akina mama wa kanisa wanaonijia dukani. Kwamba nilipokuwa na mimba yako nilikosa gauni la kunitosha, nikajishonea moja pana, lenye marinda kifuani na kamba za kulegeza ubavuni, wanawake wa nyumba za reli wakalitamani, na duka likazaliwa. Hupigiwa makofi mimi! Gauni lilikuwepo, sikatai. Lakini halikuwa mwanzo, na mwanzo wenyewe wewe ndiye uliyestahili kuambiwa kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kabla yako kulikuwa na mwenzako. Alinyamaza tumboni mwezi wa nane, tukamzika Werugha kwenye ukungu, bila jina. Huko mlimani wakasema kuna mtu wa ukoo aliyeweka hasira moyoni, na macho yote yakamgeukia nyanya yako, mama yake baba yako, kwa kuwa hakupenda mwanawe akae nami huku chini kwenye joto. Basi mimba yako nayo ikafika mwezi wa sita, na wewe ukanyamaza. Siku moja, siku mbili. Nililala sakafuni adhuhuri, mabati yakilia kwa jua, mikono tumboni, nangoja. Hakuna kitu.

Siku ya tatu nikaketi kwenye cherehani nishone goti la ovaroli ya baba yako, kwa kuwa kazi ya reli haingoji huzuni ya mtu. Nikakanyaga. Lo, ukaruka! Nikaacha kwa kicheko, nawe ukaacha. Nikakanyaga, ukaja. Nikainua mguu, kimya. Kicheko kikaniishia. Nilisikia baridi saa saba ya mchana, hapa hapa Voi.

Nikamaliza ovaroli. Nikashona mapazia, nikashona shuka, nikaunganisha leso zangu mbili. Nguo zilipokwisha nikatoa uzi, nikaendelea na sindano tupu juu ya kipande kile kile cha pazia, matundu tu, mstari kwa mstari. Baba yako akarudi kazini akanikuta hivyo.

"Unashona nini wewe?"

"Nashona mtoto," nikamjibu.

Yule mwanamume, aliyezoea kukutana na ndovu relini, alirudi kinyumenyume hadi mlangoni. Kesho yake akapita nyumba kwa nyumba akiomba nguo mbovu. "Nipeni tu, mke wangu atawashonea, leteni hata matambara." Hivyo ndivyo biashara ilivyoanza, Mghoi. Aliyenitafutia wateja wa kwanza ni woga wa baba yako.

Akamwita na nyanya yako. Mama mkwe akateremka na basi la asubuhi, hakuingia ndani. Alisimama mlangoni, akajaza maji mdomoni, akayapuliza chini kama wazee wetu wanavyofanya kuitoa hasira. "Kama nilikuwa na neno juu ya huyu mke wa mwanangu, nimelitema. Mtoto na acheze." Wewe kimya. Ndipo akaingia, akaweka kiganja tumboni kwangu.

"Kanyaga," akasema. Ukampiga teke. "Acha." Kimya. "Kanyaga." Teke.

Akautoa mkono, akaupangusa kwenye leso yake taratibu, akaupangusa tena, na tena. "Usiache," akaniambia. "Na mtoto mwenyewe asijue kamwe." Nimemtii miaka yote hii.

Ulizaliwa nyumbani, jirani akinikanyagia cherehani chumba cha pili, maskini, akidhani nimechanganyikiwa. Ulilia kwa nguvu, nikasema haya, imekwisha. Haikwisha. Ulipokuwa na miaka minne nyanya yako alifariki, tukapanda Werugha kumzika, siku tatu bila cherehani. Siku ya pili ulikaa umeegemea ukuta macho wazi, huli, husemi, viganja baridi. Waombolezaji wakasema ni ukungu. Daktari wa zahanati akasema ni homa. Sawa, homa. Lakini tulipofika Voi, kabla hata ya kuvua viatu, nilikanyaga, nawe ukageuza shingo ukasema, "Mama, nataka uji." Nani angethubutu kujaribu tena? Mimi sikuthubutu.

Ndiyo sababu sikuja siku ya kipaimara chako. Siku ya wazazi shuleni nilimtuma shangazi yako. Krismasi wenzangu wakila kuku, mimi niko mezani nashona. Watu wakanisifu, ati mama huyu ana bidii, wajawazito wakanijia kutoka Mraru, kutoka Chala, na wewe ukakua ukiutazama mgongo wangu. Siku nyingine kazi haikuwepo hata moja, ukanikuta nakanyaga bila uzi, ukakimbilia nje ukiziba masikio. Nilikuona, mwanangu. Kila mara nilikuona, na iliniuma.

Halafu siku ile, begi mkononi, ukaniambia: "Wewe ulizaa cherehani. Mimi ni vitambaa vilivyobaki. Siku hicho kitu kitakaponyamaza, nitarudi." Ningeinuka nikushike. Ningekwambia yote. Lakini ulikuwa unaelekea barabara kuu, kwenye magari, na mimi nikaogopa kuinua mguu, nikazidi kukanyaga mpaka ulipopotea machoni.

Kwa miaka hii miwili kila mshono nimejua unakufukuza, na kila mshono nimeomba uwe unakupa pumzi. Nimechoka kukuweka hai bila kukuona. Nikajiambia, mama mzima na mvi zako, huu ni upuuzi, mtoto alipenda kelele tu, na homa ni homa. Jumatatu asubuhi nikainua mguu. Wateja nawaambia mashine imeharibika, nao wananitazama, kwa sababu mguu wangu wenyewe unacheza chini ya meza bila mimi kuutuma. Na jana adhuhuri, upepo umetulia, hata kuku hawalii, nilisikia teke. Hapa, tumboni mwangu, mimi niliyekwisha kuzeeka. Moja tu. Nimeweka mikono nangoja jingine mpaka sasa ninapoandika.

Sijui lilikuwa la kuniambia nini. Labda ulikuwa unanicheka. Labda ulikuwa unaniita.

Nisikilize basi. Nitavumilia hadi mwezi huu uishe. Ukiniandikia, hata mstari mmoja, hata matusi, nitajua unapumua bila mguu wangu, nitaitoa cherehani nje siku hiyo hiyo, achukue apitaye, na nitakaa mlangoni mikono mitupu nikungoje. Lakini mwezi ukiisha bila neno lako, nitarudi kukanyaga, nami sitainuka tena. Wewe utaisikia habari hiyo uliko, utasema mama yangu ni yule yule, na hutarudi. Sema hivyo, Mghoi. Nichukie vizuri, unichukie mpaka uzeeke, uwe na mvi nyingi kuliko zangu. Bora uwe hai.

Mimi niliyekubeba,
Mama yako