Umezikwa na Miwani ya Kazi

Baba Mdogo,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na wa kwanza kunikasirisha ni wewe. Mtu gani anakufa katikati ya mvua, ananiachia karakana imejaa televisheni za watu, haagi hata kidogo? Wanasema nitazoea. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Wa pili ni Shangazi Kolumba. Siku ya kukuvalisha alisema Menasi bila miwani yake nyeusi hatatambulika hata mbinguni, akakuvisha, na ukoo mzima ukaitikia. Mimi nilikuwa jikoni napakua ugali wa waombolezaji. Nilipotoka, jeneza limeshafungwa. Ningemwambia nini padri? Afungue, kuna kifaa cha kazi humo?

Mbinga nzima ilidhani unaringa, kuvaa miwani ya jua ndani ya duka. Hawakujua kwamba kioo cha televisheni kikibanduliwa polaraiza, ule utando mwembamba wa plastiki wa juu, kinatoa mwanga mweupe tu, na kwa miwani ile picha inaonekana kama kawaida. Ndivyo ulivyojua kioo kizima na kilichokufa.

Na wabanduaji hawajaisha, Baba Mdogo! Utando ukiinuka pembeni kwa jua, wanasema ni nailoni ya kiwandani, wanauvuta wote. Safari hii wameubandua kwenye mashine ya altrasaundi, kituo cha afya kule ziwani. Mhudumu alikuwa anafanya usafi. Aliuvuta, akausokota, akautupa shimoni, akaona amefanya jambo la maana.

Nesi Mwanaidi, yule aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, akanipigia simu. "Dada Stella, pole na msiba, najua bado mbichi. Lakini nina mama hapa, tangu jana mtoto hachezi, na kwa sikio sisikii kitu cha kuaminika. Mashine imekuwa nyeupe pee."

Nikachukua ile polaraiza kubwa uliyokuwa hutaki iguswe, nikaifunga kwenye kanga, nikapanda bodaboda hadi ziwani, matope hadi magotini. Nafika, mama amelala kitandani ananitazama mimi, siyo nesi. Nami sina miwani. Nikakusema moyoni, tena vibaya.

Nikainua polaraiza yenyewe mbele ya kioo ili nione itakatwa wapi. Picha ikatokea! Kumbe kipande chochote cha polaraiza kinafanya kazi ya miwani ile. Miaka yote tunapokezana miwani moja kama wagonjwa wa macho, na hukuwahi kuniambia! Au nawe hukujua? Jibu sasa.

Nikaizungusha. Hivi, nyeusi ikawa nyeupe. Vile, ikakaa sawa. Nikataka kuanza kusafisha kioo nibandike, Nesi Mwanaidi akanishika mkono.

"Usibandike kwanza. Shika hivyohivyo."

Basi nikasimama pembeni ya mashine, mikono juu, utando umetanda mbele ya kioo, mabega yananiuma, na yeye anapitisha kifaa tumboni mwa yule mama. Kijivu. Kijivu tena. Nesi anasogeza kifaa, anakirudisha. Mama alifumba macho. Niliogopa hata kupumua nisije nikaitikisa picha.

Halafu katikati ya kijivu kitu kidogo kikawa kinachezacheza, haraka haraka.

"Alhamdulillahi," nesi akasema. "Moyo huo. Unapiga."

Mama akaanza kulia, na mimi nikalia. Kwenye mazishi yako sikutoa chozi, Baba Mdogo, watu walinisema. Pale yalikuja yote kwa pamoja, yakanitiririka hadi shingoni, na sikuweza kujifuta, kwa sababu nesi alikuwa bado anahesabu mapigo.

Mama wamemlaza, wanamwangalia kwa karibu. Jumatatu nashuka tena kuibandika sawasawa, pasiwe na kiputo hata kimoja, na sitaondoka mpaka nesi aridhike. Hilo nakuahidi. Pumzika sasa, na uache kunisimamia mgongoni. Naona mwenyewe.

Mwanao,
Stella